Besi ya Mkwe

Baba mkwe wangu ni seremala, na kwa miaka zaidi ya thelathini amesimama kando ya mashine ya kuranda mbao inayolia kama paka mia waliokanyagwa mikia. Mtaani wanamwita Randa. Mashine hiyo ilimjengea nyumba, ikamsomeshea watoto, halafu polepole, bila hata kubisha hodi, ikamla masikio. Sisi nyumbani tulijua. Majirani walijua. Hata muuza maziwa alijua, maana alishaacha kupiga kengele akawa anarusha vijiwe dirishani. Mtu mmoja tu hakujua kwamba tunajua, naye ni yeye mwenyewe.

Alikuwa na mbinu zake. Wenzake wakicheka, alicheka. Wakisikitika, alitikisa kichwa. Ukimuuliza swali akalikosa, alijibu, "Itategemea," jibu ambalo nimegundua linafaa kwa maswali tisa kati ya kumi. Tatizo ni lile la kumi. Siku moja mama mkwe alimuuliza, "Umekula?" Akasema, "Itategemea." Mama mkwe akamtazama, akampakulia tena.

Mimi na mume wangu tunaishi vyumba viwili nyuma ya karakana. Mume wangu ni dereva wa lori, na karibu hadithi hii yote ilimkuta barabarani. Mimi ni mwalimu wa hesabu shule ya msingi. Hilo la hesabu likumbukwe, litanitia matatani baadaye.

Sasa mama yangu mzazi. Mama alikuwa nesi miaka thelathini na minne, akastaafu mwaka jana. Ni mfupi, wagonjwa walizoea kusikia sauti yake kabla ya kumwona. Kabla sijazaliwa alikuwa akipiga gitaa la besi katika bendi ya manesi watano, na mashabiki wao walimpachika jina la Nyuzi Nne. Kisha zikaja ndoa, zamu na sisi watoto, bendi ikafa kifo cha kawaida. Alipostaafu tu, watatu waliobaki wakakutana, wakatafuta wawili wengine, wakasema wanaifufua. Hospitali ilikuwa inaandaa sherehe ya kuwaaga wastaafu, nao wakajitolea kupiga muziki.

Kikwazo kilikuwa gitaa. Lile la kuazima lilikuwa refu na zito, na bega la kushoto la mama lilishachakazwa na miaka ya kunyanyua wagonjwa. Akilivaa dakika kumi, anahitaji kunyanyuliwa yeye.

"Si una baba mkwe seremala?" akaniambia kwenye simu. "Gitaa si mbao?"

"Mama, ni baba mkwe wangu. Yaani ni mkwe wako."

"Najua ni mkwe wangu. Nitakwenda kwa heshima."

Akaenda kwa heshima. Hilo ndilo lililoharibu kila kitu.

Kati ya mama yangu na baba mkwe wangu mambo yalikuwa ya adabu mno. Waliitana Mkwe kwa sauti ya chini, walisalimiana bila kutazamana usoni, na mmoja akiingia chumbani mwingine alikaa wima kama yuko kwenye mahojiano ya kazi. Basi siku ile mama akaingia karakanani mashine ikiwa inanguruma, na kwa ajili ya heshima akasema haja yake huku akiwa ameligeukia rundo la mbao.

"Mkwe, nimekuja na ombi la gitaa," alisema. "Besi ninayoitaka iwe fupi, nyepesi, isiniumize bega wala mgongo. Iishie hapa." Akaonyesha kiunoni.

Baba mkwe alitoka na neno moja na nusu: *beseni nataka*. Mengine yakamkaa sawasawa. Beseni, fupi, mgongo, kiunoni. Akanyoosha vidole vinne juu kuuliza idadi ya miguu. Mama akaviona kwa pembeni, akadhani anaulizwa nyuzi, akafurahi kukutana na fundi anayeelewa mambo.

"Nne," akasema. "Kama za zamani."

Baada ya wiki tatu tukaitwa sote, Jumapili mchana. Kitu kilikuwa katikati ya sebule kimefunikwa shuka. Baba mkwe alikuwa amenyoa ndevu. Akavuta shuka kwa mkono mmoja kama mtu anayezindua daraja, na pale pakawa na stendi ya beseni.

Nitasema ukweli: sijawahi kuona stendi ya beseni nzuri kama ile. Miguu minne ya mninga iliyochongwa kwa mviringo, tundu la duara juu lililosuguliwa mpaka likawa kama shavu la mtoto, mahali pa sabuni, na mti mdogo wa kutundikia taulo. Iliishia kiunoni hasa.

Mama aliizunguka, akaugusa mti wa taulo.

"Mkwe," akasema hatimaye, "hii ni kazi."

Safari hii alimtazama usoni, kwa hiyo baba mkwe akasikia kwa macho. "Inakufaa?"

"Imenizidi."

Jioni akanipigia simu kutoka kwake.

"Mwanangu, nimetengenezewa stendi ya beseni."

"Niliiona, mama. Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Mtu amenyoa na ndevu!"

"Sasa jukwaani utapiga nini?"

"Nitapiga beseni," akasema, akakata simu.

Ikabidi mimi ndiye nilitoe lile jambo. Nilianza na mama mkwe. Alikuwa anachambua mchele. Alicheka mpaka sinia likamponyoka, mchele ukasambaa jikoni, naye akakaa chini katikati yake akijipangusa machozi. "Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu," akasema. "Sasa sisi tuna letu: asiyesikia la mkwe huchonga stendi ya beseni."

Lakini tulipokwenda kumwambia mwenyewe, hakuna aliyecheka. Alizima mashine. Akakaa juu ya gogo, mikono magotini, vumbi la mbao likiwa limemkaa kwenye nyusi kama unga.

"Gitaa," akasema.

"Gitaa la besi, baba," nikasema, nikiwa mbele yake, nikitamka vizuri.

"Ilikuwa hii mashine. Ilikuwa inapiga kelele."

"Ndiyo, baba. Ilikuwa mashine," tukasema wote wawili, kama kwaya.

Akajipangusa vumbi kwenye nyusi. Halafu akasema, "Mimi sijawahi kutengeneza gitaa maishani mwangu."

"Stendi ya beseni ulishawahi?" mama mkwe akauliza.

"Hapana."

"Basi."

Kesho yake akaniagiza nimletee lile gitaa la kuazima. Alililaza juu ya benchi, akalizunguka mara tatu kama mtu anayetaka kununua ng'ombe. Akalipeleka duka la jirani likapimwa kwenye mizani: kilo tano kasoro kidogo. "Huyu mama mdogo hivi," akasema, "wamemtwika mtoto mchanga." Akalifungua skrubu moja moja, akazipanga kwenye kifuniko cha ndoo kwa mpangilio wa kutoka, akachora kila kipande kwenye ubao.

Kwa mambo ya umeme akamwita rafiki yake fundi redio, mwanamume mwembamba ambaye kibanda chake kiko ng'ambo ya barabara na ambaye kila sentensi huianza kwa kusema "kitaalamu."

"Kitaalamu," fundi redio akasema, "hapa utahitaji pikapu mbili."

Neno hilo baba mkwe alilisikia vizuri sana. "Pikapu mbili? Gitaa gani linabebwa na gari mbili?"

Fundi redio akamgonga kidole kwenye vile visanduku vyeusi vilivyokaa chini ya nyuzi. "Hizi. Ndani mna sumaku na waya mwembamba kama unywele. Uzi ukitikisika, hizi ndizo zinaupeleka mtikisiko kwenye spika."

"Na kwa nini ziitwe pikapu?"

"Kwa sababu zinabeba," fundi redio akasema, na nadhani hata yeye alishangaa jibu lilivyotoka vizuri. Akaahidi kuzitoa kwenye gitaa bovu lililokuwa kibandani kwake tangu enzi.

Ikabaki kumpima mama. Baba mkwe alisema nguo hushonwa kwa mtu na gitaa hili litachongwa kwa mtu. Alitaka urefu wa mkono, upana wa kiganja, na kimo cha paja akiwa amekaa. Haya ni mambo ambayo hayapimwi na mkwe. Mama mkwe akatoa uamuzi: "Mimi ndiye nitapima. Wewe utageukia ukuta, nitataja, utaandika."

Basi picha ikawa hivi. Mama yangu juu ya kigoda sebuleni, mkono umenyooshwa. Mama mkwe na tepu ya kupimia nguo. Mimi mlangoni. Na Randa, seremala wa miaka thelathini, amesimama uso ukutani kama mwanafunzi aliyeadhibiwa, penseli na kipande cha ubao mkononi.

"Kiganja, kifundoni mpaka ncha ya kidole, kumi na sita!" mama mkwe akataja.

Akaandika.

"Mkono, begani mpaka kifundoni, arobaini na nane!"

Akaandika. Alikuwa akiandika kwa kujiamini kabisa, na hata pale mama mkwe alipokuwa kimya akikunja tepu, yeye aliendelea kuandika. Walipomaliza, mama mkwe akamnyang'anya ule ubao, akasoma, akaushusha taratibu.

"Kwa vipimo hivi," akasema, "mkwe wetu ana kiganja kama sepetu na mkono kama wa kuku."

Hakugeuka. Hakusikia. Bado alikuwa ameuangalia ukuta, anangoja namba nyingine. Sikujua nifanye nini na uso wangu.

"Mkwe," mama yangu akaita.

Kimya.

"Mkwe!"

Kimya. Ndipo mama akashuka kwenye kigoda, akapita, akajipenyeza katikati ya baba mkwe na ukuta, mahali penyewe pakiwa hapatoshi kitabu, akainua uso kumtazama moja kwa moja.

"Mkwe, unanisikia?"

Akamtazama mdomo. Akawaza.

"Itategemea," akasema.

Aliyeanza kucheka alikuwa yeye. Midomo ilimcheza kidogo, kisha mabega, kisha akaegemea ukuta kabisa, na sisi wote tukaangua kicheko. Kilipoisha, macho yake yalikuwa mekundu, na haikuwa kwa sababu ya kicheko peke yake.

Mama alimketisha. Kwa mara ya kwanza niliwaona wamekaa wanatazamana.

"Miaka thelathini na minne wodini," mama akasema polepole. "Mtu asiyesikia namtambua kabla hajaketi. Siku ile karakanani niliona unanisoma midomo, nami nikaongea na mbao. Nusu ya kosa ni langu."

"Na stendi ukaipokea."

"Ulikuwa umeifurahia. Tena nanawia, usifikiri imelala."

Baba mkwe akajisugua magoti. "Nilikuwa naogopa," akasema. "Watu wakijua fundi hasikii mashine yake, watasema kesho atajikata vidole. Nani atamletea kazi?" Akanyoosha mikono yote miwili, akaigeuza. "Kumi. Vyote vipo."

"Nilivihesabu," mama akasema. "Ndiyo maana nilikuja kwako."

"Sasa ndiyo basi, masikio yameshakufa."

"Sikio la kufa halisikii dawa. Lako halijafa, limechoka. Jumatatu nakupeleka kwa daktari wa masikio, ni mtu niliyemfundisha kushika sindano. Hapo hakuna itategemea."

Walikwenda. Daktari akampima kwa mashine yenye vitaa, akaeleza kwamba kelele za karakana zilikula kwanza sauti nyembamba, za ndege, za watoto, za wanawake wengi, lakini sauti nene bado zilikuwemo, zikizidiwa tu nguvu.

"Kwa hiyo yangu ndiyo iliyoliwa kwanza," mama mkwe akasema alipohadithiwa. "Nilijua tu mashine ile ina wivu."

Wakamwambia angoje kifaa cha kuvaa sikioni, kitachukua mwezi na nusu kufika. Tangu siku hiyo sheria ya nyumba ikawa: ukiongea naye simama mbele yake, na kama jambo ni la namba, liandike kwa chaki. Karakana ikajaa maandishi. Ukutani ungeweza kusoma *kiganja 16*, na chini yake *chai imepoa*, na chini yake *nimesema chai imepoa*.

Akaanza kujenga. Mwili wa gitaa aliukata kwenye mkangazi mkavu aliokuwa ameuficha darini miaka sita, akisubiri kazi inayostahili. Aliukomba ndani kwa patasi, vyumba viwili vitupu kushoto na kulia, akaacha uti wa katikati, kisha akaufunika kwa ubao mwembamba, ili uwe mwepesi bila kuwa legelege. Shingo aliiunda kwa vipande vitatu vya mninga vilivyounganishwa kwa gundi, kila kimoja nyuzi zake za mti zikielekea upande tofauti na jirani yake. "Hivi, mmoja akitaka kupinda mwingine anamkataza," akanieleza. "Kama ndoa." Ndani ya shingo akatia fimbo ya chuma aliyoitengeneza fundi wa kuchomelea, yenye nati mwishoni ya kukazia iwapo nyuzi zitaivuta.

Juu ya shingo hukaa ubao mwembamba wenye vipande vya chuma vilivyokatiza, wapigaji huviita freti. Baba mkwe alikuwa na kipande kimoja tu cha mpingo, cheusi na kizito kama chuma. Alikisawazisha siku mbili. Akakata mitaro ishirini ya freti kwa msumeno mwembamba, akamwita fundi redio aje ashangae.

Fundi redio alikuja, akashangaa. Akainama, akainuka.

"Kitaalamu," akasema, akisimama mbele yake ili asomeke, "hii ni ngazi."

"Ngazi?"

"Umeipa vidato sawa. Kwenye gitaa nafasi hupungua kadiri unavyoshuka kuelekea mwilini. Tazama lile la kuazima."

Baba mkwe akalitazama lile la kuazima. Kwa wiki mbili alikuwa amelipima kila mahali isipokuwa hapo. Maisha yake yote ngazi nzuri ilikuwa ni ile yenye vidato sawa, na mkono wake ulifanya ulichozoea. Akauchukua ule mpingo, akauweka juu ya rafu. Siku mbili hakugusa kitu. Mama mkwe akaandika ukutani, *mpingo ni mti, si mtu*, naye akasoma, akapita.

Siku ya tatu alisimama mlangoni kwangu nikisahihisha madaftari.

"Wewe si mwalimu wa hesabu?"

Nilitafuta, nikauliza, nikapata. Kanuni yenyewe ni rahisi ukishaijua: unachukua urefu wote wa uzi, unaugawa kwa kumi na saba nukta nane moja saba, hapo ndipo inakaa freti ya kwanza, kilichobaki unakigawa tena kwa namba ileile, unapata ya pili, na kuendelea mpaka uchoke. Kwa mkono wa mama tulikuwa tumechagua uzi wa sentimita sabini na sita badala ya themanini na sita za lile la kuazima. Nilifanya hesabu ile mara ishirini, nikairudia tangu mwanzo kwa sababu katikati nilikosea, jambo ambalo sikumwambia mtu mpaka leo. Nikamwandikia ubaoni safu nzima.

"Nitajuaje kama ni sahihi?" akauliza.

"Ya kumi na mbili lazima iangukie katikati kabisa ya uzi. Sentimita thelathini na nane."

Akapata mpingo mwingine kwa mchonga sanamu, akapima kwa penseli iliyochongwa kama sindano. Alipofika ya kumi na mbili akaweka rula. Thelathini na nane. Akaweka tena kutoka upande wa pili. Thelathini na nane. Akanigeukia, akanipa mkono rasmi kabisa, kama tumetoka kusaini mkataba.

Baada ya hapo kazi ilienda mbio. Freti zikagongwa moja moja kwa nyundo ya mbao. Mgongo wa shingo akaukwangua kwa kipande cha kioo, akimwita mama kila siku mbili aje aushike. Mama akashika, akafumba macho, akasema, "Hapa bado nene." Akakwangua. "Hapa." Akakwangua. Adabu yao ya zamani ilikuwa imehamia mahali pengine. Sasa walibishana kama watu wa soko moja. "Mkwe, hutosheki!" "Mkwe, mkono ni wangu!" Msasa, vanishi nyembamba mara saba, pikapu zikaingia kwenye matundu yaliyochongwa katikati, fundi redio akachomelea waya huku akitoa mhadhara. Duka la jirani likasema kilo tatu kasoro.

Alasiri moja nyuzi zikafungwa. Spika ilikuwa bado kwa fundi redio, kwa hiyo gitaa lilipigwa kavukavu. Mama akakaa kwenye kigoda, akalipakata, na kidole chake kikafika freti ya kwanza bila bega kupanda. Akapiga. Sisi tulisikia sauti ndogo, ya ndani, kama mtu anaongea chini ya blanketi.

Baba mkwe aliona uzi ukitetemeka. Hakusikia kitu. Nilimwona anatutazama nyuso, mmoja baada ya mwingine, akitafuta ya kuiga.

"Nzuri sana," akasema.

Mama aliacha kupiga. Baba mkwe, kwa kuokoa hali, akafanya analofanya seremala yeyote akikosa la kufanya: akainama kukagua kama kazi imenyooka. Akaja upande wa kichwa cha gitaa, akafumba jicho moja, akalaza kidevu kwenye mbao ili aione shingo yote mpaka mwisho. Meno yake yalikuwa yamegusa ukingo. Mama, kwa mazoea tu ya vidole, akagusa uzi mnene.

Baba mkwe akaruka nyuma.

"Nani kawasha mashine?"

Hakuna mashine iliyowashwa. Akatutazama, akalitazama gitaa. Akarudi, akainama, safari hii akaling'ata kabisa.

"Iga hena," akasema. Yaani, piga tena.

Mama akapiga. Uso wa mzee yule sina namna ya kuueleza vizuri. Sauti ilikuwa imekuta mlango wa mbele umefungwa, ikazunguka, ikaingilia kwenye meno, ikapita kwenye taya, ikamkuta ndani. Alifumba macho. Mama akapiga uzi wa pili, wa tatu, akashuka na kupanda, akaanza kupiga kitu chenye mwendo, na mguu wa baba mkwe ukaanza kugonga sakafu. Mama mkwe alijifunika mdomo kwa kitambaa cha kufutia vyombo.

Ghafla baba mkwe akainua mkono. Akatoa meno. "Simama. Uzi wa tatu, freti ya saba. Kuna kitu kinakwaruza."

"Sisikii," mama akasema.

"Mimi nasikia," akasema Randa, na sentensi ile aliitamka mara mbili zaidi, polepole, kwa ladha. Akapitisha rula ya chuma juu ya freti. Ya nane ilikuwa imesimama juu kuliko wenzake, unene wa karatasi moja, na uzi ulikuwa ukiigusa. Akaipiga tupa mara tatu, akang'ata, akatikisa kichwa kukubali.

Kwenye kichwa cha gitaa zilibaki alama za meno mawili. Akachukua msasa azifute. Mama akauvuta mkono wake.

"Mafundi wote huweka sahihi," akasema. "Ziache."

Sherehe ya wastaafu ilifanyika Jumamosi mchana katika ukumbi wa hospitali. Kifaa cha sikio kilikuwa kimefika wiki moja kabla, na baba mkwe alishagundua kwamba mke wake amekuwa akimsema chinichini kwa miaka isiyopungua kumi, na kwamba mengi aliyoyasema yalikuwa ya kweli. Lakini ukumbini, meza zilipoanza kuvutwa na watu mia mbili kuongea kwa pamoja, kifaa kikaanza kupiga mluzi. Akakitoa, akakitia mfukoni.

Manesi wakapanda jukwaani, watano, wamevaa sare za zamani ambazo baadhi hazikukubali kufungwa vifungo. Mama alikuwa mwishoni kulia, na gitaa lake lilimkaa mwilini kama limezaliwa naye. Safari hii spika ilikuwepo, kubwa kama kabati. Wakaanza. Mwimbaji wao alikuwa mkunga mmoja mwenye sauti nyembamba ya kukata kioo. Baba mkwe hakuipata hata chembe. Ila sakafu ya ukumbi ule ilikuwa ya mbao. Nilimwona anatazama viatu vyake. Akavivua. Akasimama na soksi, akamnyooshea mke wake mkono.

"Una wazimu?" mama mkwe akasema. "Mwisho wa wewe kucheza ilikuwa lini?"

Hakumjibu, hakuwa amemsikia. Wakaingia katikati.

Alicheza vizuri. Kila unyayo wake ulishuka pale besi iliposhuka, bila kuwahi wala kuchelewa, na mama mkwe, aliyeanza kwa kununa, baada ya ubeti mmoja alikuwa ameachilia mabega. Wachezaji wengine wakaanza kuwapisha.

Kisha wimbo ukafika mahali ambapo mama hupumzisha besi, kinabaki kinanda na sauti ya yule mkunga peke yake. Baba mkwe akasimama. Alisimama hapohapo, mguu mmoja umeinuliwa kidogo, mkono wa mkewe bado mkononi. Ukumbi mzima ukizunguka, wao wawili wakawa kama nguzo. Mtu mmoja akawagonga mgongoni, akaomba radhi, akageuka kuwashangaa. Mama mkwe hakumvuta wala hakumwambia kitu. Alisimama naye akitabasamu, akimtazama.

Kule jukwaani mama aliwaona. Akamkonyeza mpiga ngoma, akainamisha kichwa, akarudisha uzi mnene, na mguu wa mzee ukatua.